Ngazi zimekuwa kijani, na mama mkwe ameshateleza

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia mikono ikinuka jiki, si utani. Tangu mimi na mume wangu tuhamie nyumba hii nimekuwa mtumwa wa utando wa kijani. Ulianzia nyuma, kwenye ngazi za zege za mlango wa jikoni, ukatambaa kwenye pevingi za uani, na sasa umepanda ukutani hadi usawa wa dirisha. Mvua ikinyesha unanona na kuteleza. Jua likiwaka wiki nzima unakauka, unageuka vumbi jeusi, mimi nafurahi. Halafu manyunyu ya usiku mmoja tu, asubuhi umerudi mbichi kabisa.

Nimefanya yote niliyoambiwa. Nimesugua kwa brashi ya waya mpaka zege likaanza kutoa mchanga. Nimemwaga chumvi, nimemwaga siki, nimemwaga maji ya moto. Mwezi uliopita nikasema liwalo na liwe, nikachanganya jiki na ile dawa kali ya kusafishia choo kwenye ndoo moja. Sikumaliza hata ngazi ya pili. Harufu ilinikaba koo, macho yakachuruzika, nikakohoa hadi usiku. Jirani akasema hiyo ndiyo dalili kwamba dawa imekubali. Utando ulipauka kweli, lakini baada ya wiki chache ulikuwa palepale.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mama mkwe alikuja kututembelea. Alfajiri moja akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuanika nguo, akateleza. Namshukuru Mungu hakuvunjika, ila nyonga bado inamuuma, na wifi zangu siku hizi wakipiga simu salamu yao ya kwanza ni "Ngazi zimeshasafishwa?"

Mume wangu ana mpango wake. Anataka kukodi mashine ya presha, apige kila mahali, kisha apake rangi juu, ukutani na kwenye ngazi, "tumalizane nao". Na hapo kuna ugomvi mwingine. Ukuta wa upande wa miti umetoka madoa ya rangi ya machungwa, ukiyaona utasema kutu. Mume anasema fundi rangi alitupakia rangi mbovu, na amemzuilia malipo yake ya mwisho. Fundi naye anaapa kwamba rangi haina kosa. Sijui nimwamini nani.

La mwisho ni tangi la maji, lile jeupe la plastiki lililo juu ya jukwaa. Maji yake yameanza kuwa ya kijani, na kuna vipande vinavyoelea. Ya kunywa tunachemsha. Je, inatosha?

Nisaidie, Shangazi.

Mimi, Mchovu wa Kusugua

*

Marahaba, mwanangu. Mpe pole mama mkwe, na kabla ya mengine yote: nyonga ya mtu mzima inayouma baada ya kuanguka haiachwi ijiponee. Mfupa wa nyonga unaweza kuwa na ufa na mtu akaendelea kutembea juu yake. Kama bado anachechemea, apigwe picha hospitalini. Ngazi zitasubiri.

La pili ni ile ndoo yako. Jirani amekupoteza. Jiki ni maji yenye sodiamu haipokloraiti, na dawa nyingi kali za choo ni asidi. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, ileile iliyofunguliwa dhidi ya wanajeshi kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Uliyoisikia kooni ndiyo hiyo. Ulikuwa nje na upepo ulikuwa unapita. Ungekuwa bafuni umefunga mlango, barua hii pengine nisingeipata. Siki nayo ni asidi, kwa hiyo jiki na siki havichanganywi. Dawa za vioo zenye amonia vilevile, na mkojo pia, kwa sababu jiki ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine mbaya. Jiki huchanganywa na maji peke yake, tena maji ya baridi. Ya moto huiharibu. Ikitokea tena mtu akavuta hewa hiyo, atoke haraka hadi penye upepo, asiiname, maana klorini ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Kifua kikibana, aende hospitali hata kama anajisikia nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kuanza kusumbua saa kadhaa baadaye.

Sasa tuje kwenye utando. Huo ni mwani, na ndani yake wamo pia sainobakteria, viumbe wanaofanana nao kwa maisha ingawa ukoo wao ni wa bakteria. Wote hujitengenezea chakula kwa mwanga. Hawana mizizi, hawahitaji udongo. Vumbi lililonasa kwenye zege linawatosha. Wanachodai ni mwanga na maji, basi. Ndiyo maana ukifungua kabati lenye giza na unyevu utakuta kuvu, lakini mwani hutaukuta. Na lile vumbi jeusi lililokufurahisha halikuwa limekufa. Sainobakteria wengi huweza kukauka kabisa wakalala, kisha wakaamka maji yakiwagusa. Wapo wanaoitwa Nostoc, wale wanaoonekana ardhini baada ya mvua kama matone ya jeli ya kijani. Wakikauka hubaki magamba meusi usiyoyatilia maanani, na mvua ikirudi wanavimba upya.

Mwanga wa uani huwezi kuuzima. Kwa hiyo kilichobaki mikononi mwako ni maji, na hapo ndipo ninapotaka utumie nguvu unazomalizia kwenye brashi. Usafi wako hauna kasoro, na wifi zako waambiwe hivyo. Ngazi zako zinanyweshwa. Umekuwa ukiondoa mwani huku mtu mwingine anaumwagilia, na mtu huyo ni nyumba yenyewe.

Mvua kubwa ikinyesha chukua mwavuli, utoke, usimame uani utazame. Najua utaonekana kituko, lakini dakika kumi za kutazama zina faida kuliko siku nzima ya kusugua. Tazama gata: je, linafurika katikati kwa sababu limejaa majani ya ile miti? Tazama mlizamu: maji yake yanamwagikia wapi? Nimeona nyumba nyingi ambazo bomba la gata linaishia inchi chache kutoka ngazi, likimwaga maji yote ya paa palepale watu wanapokanyaga. Kama kuna kiyoyozi, fuata mpira wake wa kutolea maji. Unadondosha mchana kutwa, hata kiangazi. Tazama pevingi: maji yanakimbilia nje au yanarudi kuelekea ukuta? Kama mvua imekatika na baada ya saa moja bado kuna vidimbwi, mteremko una kasoro.

Halafu kuna jambo umelitaja bila kulitilia maanani. Mama mkwe alitoka kwa mlango huo kwenda kuanika nguo. Kwa hiyo nguo mbichi hupitishwa kwenye ngazi hizo, na kamba yenyewe nadhani iko juu ya pevingi. Nguo zinadondosha, ndoo zinamwagika, maji ya kuoshea vyombo yanatupwa kutoka mlangoni. Maji ya sabuni na mabaki ya vyombo ni maji yenye mbolea. Hamisha kamba ipite juu ya majani au changarawe, na maji machafu yapelekwe mtaroni. Ni badiliko la nusu siku lisilogharimu kitu.

Ukuta nao utakueleza mengi ukiusoma vizuri. Mwani ukikaa mkanda mmoja chini, kuanzia ardhini hadi magotini, hayo ni matone ya mvua yanayogonga sakafu na kurukia ukutani. Dawa yake ni kuweka changarawe chini ya upenu, kwa sababu changarawe hairushi maji kama zege. Ukiwa ni michirizi mirefu inayoanzia juu na kushuka, mwenye kosa ni gata au ukingo wa paa. Likiwa doa la duara katikati ya ukuta, limelowa hata katikati ya kiangazi, basi kuna bomba linalovuja ndani, na hilo ni la fundi bomba, jiki haitalifikia. Na kama kuna udongo wa maua ulioegemezwa ukutani, uondoe; ukuta unaunyonya unyevu wake. Wewe umesema umepanda hadi usawa wa dirisha. Nenda ukaangalie kama umepanda kutoka chini au umeshuka kutoka juu, maana hizo ni kazi mbili tofauti.

Miti nayo isikatwe ovyo, lakini matawi yanayougusa ukuta au kulala juu ya paa yapunguzwe. Ukuta unahitaji upepo na saa kadhaa za jua ili ukauke kati ya mvua na mvua.

Ukishajua maji yanakotoka, sasa unaweza kuua kilichopo. Kanuni ni moja: ua kwanza, sugua baadaye. Watu wengi hufanya kinyume. Wanasugua utando ukiwa hai, wanausambaza kwenye kila tundu la zege, na ule uliobaki ndani ya vitundu ndio unaorudi.

Chagua siku ya mawingu isiyo na mvua, au jioni. Jua kali huikausha dawa kabla haijafanya kazi, na mwanga wenyewe huivunja klorini. Fagia majani na matope kwanza, na pale utando ulipo mnene ukwangue kwa kipande cha mbao au plastiki, kwa sababu uchafu mwingi huila klorini na mwani wa chini ukasalimika. Mimea ya karibu imwagilie maji ya kutosha, kisha ifunike kwa nailoni. Vaa glavu, viatu vya mpira vyenye soli ya kushika, miwani ya kukinga macho, na nguo ambayo hutailaumu ikipata mabaka meupe.

Kama lebo ya jiki inasema 5% au karibu na hapo, changanya kopo moja na makopo tisa ya maji. Kwenye zege lenye utando mzito unaweza kufika moja kwa manne. Changanya ya siku hiyo tu, isilale. Mwaga kwa kopo lenye matundu au pampu ya kunyunyizia yenye matone makubwa. Ukungu mwembamba utaishia mapafuni mwako. Kisha acha dakika 15, na kama pameanza kukauka ongeza. Utaona kijani kinapauka kuwa kijivu au cheupe. Hapo ndipo unachukua ufagio mgumu au brashi ya plastiki, unasugua, na unasuuza kwa maji mengi. Mwani uliokufa ukiachwa palepale bado unateleza, na pia unakuwa chakula cha wanaofuata.

Ngazi zigawe mara mbili kwa urefu, upande wa kushoto leo na wa kulia kesho, ili nyumba ibaki na pa kupita pakavu. Nakusisitizia hili kwa sababu jiki yenyewe inateleza, na sitaki barua nyingine kuhusu nyonga yako wewe.

Kama hapo kuna bwawa la samaki, au maji ya uani yanaishia kwenye kijito, usitumie jiki upande huo. Ipo dawa ya unga ya kung'arisha kwa oksijeni, sodiamu pakaboneti kwa jina lake la kemia. Hiyo huyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, huachwa karibu nusu saa, na mwishoni hubaki maji, oksijeni na magadi. Usiimwage kwa wingi mahali penye samaki, lakini kwa mimea ni pole zaidi, na kwa mbao ndiyo chaguo langu daima, kwani jiki huzichosha nyuzi za mbao zikaanza kusimama manyoyamanyoya. Madukani zipo pia dawa za mwani zenye benzalkoniamu kloraidi. Hizo hunyunyiziwa na kuachwa bila kusuuzwa, zinaua taratibu kwa siku na wiki. Zinafanya kazi vizuri, ila samaki hawazivumilii kabisa.

Vile ulivyokwisha kujaribu nitavipitia haraka. Maji yanayochemka kweli huua mwani, na kwenye nyufa chache kati ya pevingi ni njia nzuri. Kwa ua mzima utachemsha mpaka mwaka uishe. Siki huulegeza mwani kidogo, lakini hula chokaa iliyo ndani ya saruji, na kwenye marumaru huacha alama isiyofutika. Chumvi naomba uiache kabisa. Inaingia ndani ya zege, inavuta unyevu, inazipatia nondo kutu, na maua yako yatakufa kabla ya mwani. Brashi ya waya ndiyo iliyokupa ule mchanga. Umelikwaruza zege likawa na vitundu vingi zaidi vya kuhifadhi maji, na vipande vya waya vinavyobaki humo vitakutolea madoa ya kutu halisi. Mtu akikushauri mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwa sababu wakulima huutumia, ujue kwamba ni kweli shaba huua mwani. Mabwawa ya maji yamekuwa yakitibiwa kwa mrututu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini ni sumu kwa samaki na konokono, hula mabati, na utalipaka zege rangi ya buluu. Ngazi hazihitaji hayo.

Viti vya plastiki na vyungu vya maua havina makuu: maji ya sabuni, sponji, na jiki nyepesi kwa yale madoa yaliyokaidi. Mabati nayo yasimwagiwe jiki kali, na ikiyafikia yasuuzwe mara moja.

Tuje kwa mume wako na mashine yake. Mpe heshima yake, wazo si la kipumbavu. Mashine ya presha inaondoa utando kwa kasi inayopendeza macho, na ndiyo hatari yake, kwa sababu mtu anaona pameng'aa na kuamini kazi imekwisha. Haiui. Ikishikwa karibu sana inang'oa ngozi laini ya juu ya zege, inafukua mchanga kati ya pevingi hadi zianze kucheza, na ikielekezwa ukutani inasukuma maji ndani ya nyufa na chini ya rangi. Kama anataka kuitumia, aitumie baada ya dawa kuua, kwa presha ya chini, mdomo wa bapa na si ule wa sindano, akiwa mbali kidogo na sakafu. Kisha mchanga wa kwenye viungo vya pevingi urudishwe.

Ila kupaka rangi juu ya mwani hapana. Rangi haishiki kwenye utando, itabanduka vipandevipande, na chini yake unyevu umefungiwa. Kwenye ngazi ni hatari zaidi: rangi ya kawaida ikilowa inateleza kuliko zege tupu. Akitaka kufanya jambo la maana kwenye ngazi, zikishakauka abandike mikanda yenye chenga za kushika mguu kwenye kila ukingo, au achanganye mchanga msafi kwenye rangi ya sakafu, na aweke mhimili wa kushikia.

Na yale madoa ya machungwa? Nadhani fundi rangi anasema kweli. Kuna mwani uitwao Trentepohlia. Kwa ukoo ni mwani wa kijani, lakini umejaa karotini, rangi ileile inayopatikana kwenye karoti, hata kijani chake hakionekani. Hupenda kuta zenye kivuli na unyevu, hasa maeneo yenye joto, na karibu kila mwenye nyumba anayeuona hulaumu kutu au rangi. Upande wa miti ndiko hasa ungeutegemea.

Usiniamini kwa maneno matupu, pima. Chukua jiki kidogo uliyochanganya na maji kiasi sawa, dondosha tone moja kwenye doa la machungwa na jingine kwenye doa la kijani, sehemu isiyoonekana sana. Kikiwa kiumbe hai, kitapauka ndani ya dakika chache. Kutu haitajali jiki hata kidogo. Tena kutu huanzia mahali penye msumari au chuma na kushuka na mkia, wakati mwani hutapakaa na ukiukwaruza kwa ukucha hutoka unga. Ukipauka, fundi alipwe salio lake, tena mume amwombe radhi. Swali moja tu linabaki la haki kumwuliza fundi: alipopaka, ukuta ulisafishwa na kuuawa mwani kwanza, au alipaka juu yake? Kama madoa yanatokea chini ya rangi inayobanduka, hapo wote wawili wana la kujibu.

Mwani huo wa machungwa ni mkaidi. Nyunyiza, suuza, acha siku chache ukauke, kisha rudia. Ukuta ukishakauka vizuri, na gata likishatengenezwa, pakeni rangi ya nje iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu na mwani. Dawa hiyo huoshwa na mvua taratibu, haidumu milele, na muuzaji akikuahidi vinginevyo mtilie shaka.

Nimeliacha tangi mwisho kwa sababu lina maneno machache, ingawa ndilo ninalotaka ulianze kesho. Hapana, kuchemsha hakutoshi. Mwani wa kijani wa kawaida hauna sumu, lakini unalisha bakteria na unakula klorini ya maji yako. Wenye hatari ni baadhi ya sainobakteria: hutoa sumu, mojawapo ikiitwa mikrosistini, na sumu hiyo haivunjiki kwa kuchemshwa. Kwa macho huwezi kujua ulio nao ni upi. Maji hayo msinywe, msipikie, wala msiwape wanyama.

Tangi jeupe linapitisha mwanga. Simama nje mchana. Ukiweza kuona kivuli cha usawa wa maji kupitia plastiki, mwani nao unaona jua. Mwaga maji yote, sugua ndani kwa brashi ndefu ukiwa nje, suuza, toa matope ya chini. Halafu jaza maji safi, tia lita 1 ya jiki ya 5% isiyo na manukato wala sabuni kwa kila lita 1000, fungua kila bomba la nyumba mpaka harufu ya klorini ifike, funga, acha saa 24. Waambie watu wote wa nyumbani kwamba siku hiyo maji ya bomba hayaguswi. Baadaye mwaga yote, mbali na mimea na samaki, fungua mabomba yatoke, jaza upya. Mtu asiingie ndani ya tangi wakati lina klorini, hata kama ni mwembamba na anajiamini.

Likishakauka kwa nje, lipakeni rangi nyeusi, kisha juu yake nyeupe ili maji yasichemke kwa jua, au lijengeeni kivuli kinacholifunika lote. Mfuniko ukae sawasawa, na tundu la hewa liwekewe wavu wa mbu. Tangi likiwa giza ndani, mwani hautakuwa na cha kula.

Baada ya hapo ni gata wiki hii, kamba ya nguo siku yoyote, na ngazi siku ya kwanza yenye mawingu bila mvua. Pesa ambazo mume alitenga za kukodi mashine zitatosha kumlipa mtu wa kusafisha gata na kusogeza bomba la mlizamu mbali na mlango. Mkimaliza yote hayo na bado kuna sehemu ya ukuta isiyokauka wakati wa kiangazi, niandikie tena, unieleze kuna nini upande wa pili wa ukuta huo: jiko, bafu au chumba.

Shangazi